Kifungu cha Pili

Maseneta wetu wanapenda kusema, hilo halina ubishi. Mpe mmoja dakika zake arobaini za kuchangia mswada, atatumia robo kumpongeza waziri, robo kuwasuta waliotangulia, robo kukusimulia bibi yake alivyomlea kwa shida, na ikifika hapo anaomba aongezewe muda. Wenzake watagonga meza mpaka glasi zicheze, na kesho yake hakuna anayekumbuka alisema nini. Ndiyo maana Eulalie Marcano alipoingia ukumbini ile Jumanne ya Novemba na kikaratasi kimoja mkononi, askari wa mlangoni alimuuliza kama amesahau mafaili yake kwenye gari. Akamjibu kwamba leo hana mengi.

Eulalie alikuwa mmoja wa wale maseneta tisa wasio na chama, ambao Rais wa nchi huwateua mwenyewe ili zile kambi mbili zisitafunane zikamalizana. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Morne Cigale, kule milimani nyuma ya mji wa Arima, na ualimu mkuu haumtoki mtu. Akipita kwenye korido, mawaziri wazima walijikuta wanachomekea mashati. Mwenyewe alijua, na hakujifanya hajui. Alikuwa na sauti isiyohitaji kipaza sauti, na katika miaka yake yote ya Seneti hakuwahi kusimama bila kujua anataka nini.

Siku hiyo alitaka kitu kimoja tu, tarehe. Subiri, utaelewa.

Kule Morne Cigale mlima unaliwa. Kampuni ya mawe imekaa juu ya bonde miaka nenda miaka rudi, inalipua, inasaga, inapakia, na kila baruti inapolia nyumba za chini zinapata ufa mpya. Ukuta wa darasa la pili ulishaanguka. Bahati tu ilikuwa Jumapili na watoto wako kanisani. Sasa kampuni ilikuwa imepata kibali cha kulipua ukingo wa juu, ule ulioning'inia juu ya jiko la Casilda, dada yake Eulalie, na kazi ilipangwa kuanza Februari, mvua zikishakatika. Mafundi walikwisha kuweka alama za rangi nyekundu kwenye miamba. Casilda aliishi peke yake katika nyumba ya wazazi wao, nyumba ya udongo na mbao iliyojengwa kwa fedha ya kakao, na kila alipoambiwa ahamie mjini kwa mdogo wake alisonya. Mama yao alifia katika chumba kile, alisema, na yeye hana haraka ya kwenda kufia kwingine. Ukingo ule ukishushwa, nyumba itashuka nao, na Casilda atakuwa ndani.

Mswada wa machimbo uliokuwa mezani siku hiyo ulikuwa mzuri, tusiwe wachoyo wa sifa. Ulimpa mkaguzi uwezo wa kuingia machimboni bila kwenda kwanza mahakamani, akaona hali ilivyo, akafunga kazi siku ile ile. Kwa kuwa kuingia kwenye mali ya mtu bila idhini ya hakimu kunagusa Katiba, kura za upande wa serikali peke yake hazikutosha kuupitisha. Zilihitajika pia kura tatu za wasio na chama. Upinzani ulishatangaza kwamba hautasema ndiyo wala hapana, utakaa tu na kutazama. Kwa hiyo Waziri Rawle Dindial, mwenye mswada wake, alikuwa amewaandama wale tisa wiki nzima, mpole kama mkwe mpya.

Ubaya ulikuwa kwenye kifungu cha pili. Kifungu cha kwanza kilitaja jina la sheria, na cha pili kilisema itaanza lini: siku ambayo Rais wa nchi ataitangaza, kwa ushauri wa serikali. Siku gani? Haikutajwa. Watu wengi husoma hapo harakaharaka wakakimbilia vifungu vyenye faini na jela. Eulalie hakukimbia, maana alishawahi kuumia hapo.

Ilikuwa hivi. Alipokuwa bado shuleni, serikali nyingine ilileta sheria nyingine ya machimbo, nayo ikapita bila kelele. Morne Cigale walisherehekea mpaka kukapambazuka. Wapiga paranda, zile nyimbo za Krismasi, walishuka na vigitaa vyao ingawa Krismasi ilikuwa bado mbali, ramu ikamwagika, na Casilda akacheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinacheza harusi isiyo na bwana harusi. Wiki iliyofuata baruti ikalia kama kawaida. Eulalie akapiga simu mjini kuomba mkaguzi, na kijana mmoja akamjibu kwa adabu zake zote: sheria imepita, mwalimu, lakini haijaanza. Itaanza lini? Haijapangiwa siku. Akapiga tena mwezi uliofuata, akapiga mwaka uliofuata, na sheria ikazeeka kabatini bila kufanya kazi hata siku moja.

Tangu hapo, sheria yoyote ikimfikia mkononi, Eulalie huanza na kifungu cha pili. Wenzake walimtania, wakambandika jina la Seneta Kifungu cha Pili. Profesa Lutchman, aliyekaa kiti cha jirani yake na anayependa kuchangia mpaka mate yamkauke, alimuuliza karibu kila asubuhi, "Vipi, Mwalimu, leo tunaanza lini?" Naye hucheka, kwa sababu utani ule ulikuwa wa mapenzi na alijua hivyo.

Basi kikao kikaanza. Watu wa Morne Cigale walikuwa wamekuja na basi la kukodi, wamejaza ukumbi wa wageni juu kule, wote na fulana za manjano zenye jina la kijiji kifuani. Casilda alikaa mstari wa mbele, kofia ya kanisani kichwani, mkoba magotini, amenyooka kama anayepigwa picha. Waziri Dindial akafungua mjadala kwa hotuba nzuri. Akazungumzia maji yaliyochafuka, mito iliyojaa tope, watoto wanaoshtuka usingizini. Watu wa juu wakamwelewa, na mmoja akafuta machozi. Akafuata wa serikali, akafuata wa upinzani, akafuata wa serikali tena, kila mmoja akisikitikia mlima kwa maneno matamu zaidi ya aliyepita. Hakuna aliyegusa kifungu cha pili.

Zamu ya Eulalie ilipofika, Profesa Lutchman alijiweka sawa kitini, maana mwenzake alisifika kwa kuchangia. Aliwahi kusimama kuchangia mswada wa chakula cha shuleni akatumia muda wake wote na nyongeza yote, na wapinzani wenyewe wakasahau kwenda kuvuta sigara.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "natangaza kwanza kwamba dada yangu wa tumbo moja anaishi chini ya machimbo hayo, mtu asije akadai nimeficha. Vifungu vyote naviunga mkono, isipokuwa kimoja. Kifungu cha pili hakina siku. Nimefundisha miaka mingi, na sijamwona mtoto anayejisomea mtihani usio na tarehe. Naomba pale iandikwe tarehe mosi Februari. Sina lingine."

Akaketi. Karani wa kuhesabu muda, aliyekuwa ndiyo kwanza anaegemea kiti, aliinuka ghafla kana kwamba kamwagiwa maji. Upande wa serikali walitazamana. Juu kule ndiyo usiseme: watu walioamka alfajiri wakapanda basi kuja kumsikiliza mtoto wao waliona wamepunjwa. Casilda alikunja uso ukakunjika. Amemlea yule msichana, amemsukia nywele, amemlipia nauli ya chuo cha ualimu kwa kuuza maua, na leo siku ya siku amewasemea maneno ya kujaza kijiko.

Eulalie aliyahisi macho yale mgongoni, lakini hakugeuka. Alikuwa amepiga hesabu zake nyumbani. Akisema mengi, waziri atapata mengi ya kujibu, na atajibu yale mepesi. Akisema moja, hana pa kukimbilia.

Saa kumi na nusu kikao kikasimama kwa chai. Hiyo ni ada, na hakujatokea mswada wa kuishinda chai. Dindial alimjia akiwa na visahani viwili vya mikate ya zabibu, kimoja akamkabidhi yeye, wakasimama dirishani.

Hakuwa mtu mbaya, Dindial. Alieleza shida yake bila kuzunguka. Wakaguzi bado hawajaajiriwa, magari hayajanunuliwa, na sheria ikianza bila wakaguzi serikali itachekwa nchi nzima. Mpe nafasi, alisema, asifungwe mikono.

"Nitasimama nitoe ahadi, Mwalimu," akaongeza. "Itaandikwa kwenye kumbukumbu za Seneti. Kabla ya Pasaka sheria imeanza."

"Waziri wa ile sheria ya kwanza naye aliahidi, kabla ya Krismasi," Eulalie akasema. "Krismasi ya mwaka gani hakusema."

"Mimi si yeye."

"Najua. Ningekuwa na hakika utakaa wizara hiyo mpaka Pasaka, ningelala usingizi."

Dindial alicheka, kisha akaacha kucheka. Akainua macho kuelekea ngazi za ukumbi wa wageni, akamuuliza kwa upole atawaambia nini watu wale endapo ataua mswada walioungoja maisha yao yote. Hakungoja jibu. Alijua amepiga penyewe.

Na alikuwa amepiga penyewe kweli. Upande wa serikali ulikuwa na kura za kutosha kuyakataa marekebisho yake bila kutoa jasho, kwa kuwa kubadili kifungu kunahitaji wingi wa kawaida tu. Nguvu ya Eulalie ilikuwa mwisho wa safari, pale mswada mzima utakapohitaji zile kura tatu. Njia ya kumbana waziri ilikuwa moja: kumwonyesha kwamba hatazipata. Maana yake Seneta wa Morne Cigale awe tayari kuuangusha mswada wa Morne Cigale, mbele ya Morne Cigale.

Casilda alimkuta kwenye korido, karibu na mlango wa maktaba. Habari za ahadi zilishapanda ngazi, kama habari zinavyopanda.

"Lali, nasikia waziri anakupa ahadi. Chukua."

"Dada, ahadi haizuii baruti."

"Na mswada uliokufa unazuia?" Casilda hakupandisha sauti, hakuna Marcano anayepandisha sauti mbele za watu. "Ninayelala chini ya lile jiwe ni mimi. Wewe unalala mjini, Diego Martin, na kiyoyozi chako."

Ilikuwa kweli, na Eulalie alijua.

"Tulichezeshwa mara moja, dada," akasema. "Mara ya pili sitaki niwe mimi ninayewachezesha."

"Sikiliza nikwambie. Ukiuua mswada huu, Krismasi usije nyumbani. Nasema kwa kinywa changu mwenyewe."

Akageuka akapanda ngazi, mkono mmoja kwenye kishikio, mmoja kwenye kofia. Eulalie alitamani kumkimbilia. Roho ilimuuma, nataka ujue hivyo, ilimuuma kama ya mtoto aliyegombezwa mbele ya wageni. Lakini haikumtetemesha. Alijua alichojua: nyumba ile isingeokolewa na sheria iliyolala kabatini, na heri dada yake amchukie akiwa hai.

Akaenda kwa wenzake wanane waliokuwa wakimalizia chai. Hakuwabembeleza. Aliwaambia kwamba ataomba majina yaitwe kwenye kifungu cha pili, kwamba kwa ukubwa wa utumishi yeye ataitwa kwanza kati yao, na kwamba atasema hapana. Hawaombi wamfuate, anawaarifu tu wasije wakashtuka. Profesa Lutchman alikoroga chai yake na, kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, hakusema kitu. Gail Pantin, mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ambayo hununua mawe kutoka machimbo yale yale, alisema atafikiri.

Wakarudi, Seneti nzima ikakaa kama kamati kupitia mswada kifungu kwa kifungu. Marekebisho ya Eulalie yakasomwa. Wanaoafiki wakasema ndiyo, sauti chache. Wasioafiki wakasema hapana, na upande wa serikali ukanguruma. Mwenyekiti akatangaza kwamba wasioafiki wameshinda, na Dindial akafungua kalamu yake kama mtu aliyekwisha vuka mto.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Eulalie akasema, "sasa kifungu chenyewe kipigiwe kura kwa kuita majina."

Ni haki ya seneta yeyote, haiwezi kukataliwa. Karani akaanza. Upande wa serikali ukaitikia ndiyo, mmoja baada ya mwingine, kama watoto wanaojibu rejista. Upinzani ukakataa kupiga kura, kama ulivyosema. Halafu zikaja safu za wasio na chama.

"Seneta Marcano."

"Hapana."

Alilisema wazi, likafika juu. Hapo watu wa fulana za manjano wakaguna kwa pamoja, guno la kuumia, na mwenyekiti akalazimika kuwaonya. Casilda alisimama. Akauweka mkoba kwapani, akapita mbele ya magoti ya majirani zake bila kuomba njia, akatoka. Eulalie alimwona kwa pembe ya jicho mpaka mlango ulipojifunga.

Aliyefuata alisema ndiyo. Wa tatu naye akasema ndiyo, akiinamia meza asimtazame mtu. Dindial alihitaji watatu, na sasa alikuwa na wawili. Profesa Lutchman akaitwa; akasimama ingawa hakuna haja ya kusimama, akasema hapana, akaketi. Wa tano hapana. Wa sita hapana. Wa saba, daktari mzee wa San Fernando, akakohoa kwanza, akasema hapana. Wa nane hapana. Akabaki Gail Pantin peke yake. Karani alilazimika kumwita mara mbili, na Eulalie akajikuta ameishika meza kwa mikono yote miwili.

"Hapana," Pantin akasema, kwa sauti ya mtu anayekataa punguzo la bei.

Kifungu kilipita, bila shaka. Serikali ina kura zake. Mwenyekiti akatangaza, karani akaandika, na mtu asiyejua mambo angedhani Eulalie kashindwa. Lakini Dindial alikuwa anajua kuhesabu. Wawili si watatu. Akiupeleka mswada kwenye kura ya mwisho ukiwa hivi, utaanguka mikononi mwake yeye, siyo mikononi mwa mwalimu. Akaomba kikao kisimame kidogo, akavuka ukumbi, akainama kwenye meza ya Eulalie.

"Juni," akasema.

"Juni hakutakuwa na ukingo wa kuokoa."

"Aprili, basi. Nipe pumzi."

"Februari mosi, Waziri."

"Mbona unanibana hivi, Mwalimu?"

"Kwa sababu ukiwa na siku utaajiri wakaguzi. Usipokuwa nayo hutaajiri, na hutakuwa na makosa, utakuwa tu na mambo mengine."

Dindial alimtazama, akapangusa paji la uso, kisha kikamtoka kicheko kifupi cha mtu aliyebanwa na kweli. Akarudi kwa wenzake. Walinong'ona, wakapiga simu, mmoja akatupa mikono hewani. Kikao kiliporejea, waziri mwenyewe aliomba kifungu cha pili kifunguliwe upya, na akapendekeza kwa kinywa chake tarehe mosi Februari, kana kwamba ameiota yeye. Eulalie hakujali nani kaiota. Mswada ukasomwa mara ya tatu, na safari hii wote tisa wakasema ndiyo. Meza ziligongwa. Profesa Lutchman aligonga mpaka saa ya mkononi ikamfunguka.

Eulalie akainua macho. Mstari wa mbele, kiti cha Casilda kilikuwa kitupu.

Chini, majirani walimzunguka, wakamkumbatia, wengine bado hawajaelewa vizuri kwa nini kwanza alikataa. Aliwaeleza. Casilda alikuwa ndani ya basi tayari, dirishani, uso upande wa pili. Watu wakamgongea kioo wakamwambia imepita na ina tarehe, mdogo wako kaibana serikali. Akawajibu kwamba yeye alishacheza mara moja na kiatu kikamvunjikia. Basi likaondoka.

Baraza la chini la Bunge likakubali kabla ya mwaka kwisha, Rais wa nchi akatia saini. Krismasi Eulalie alikaa Diego Martin. Alioka keki nyeusi ya sikukuu, akaituma nusu kwa mtu anayepanda Arima, na hakupata neno lolote, si asante wala la kurudishiwa sahani. Alilia kidogo, akiwa peke yake, akajipangusa. Hakujuta. Mtu anaweza kulia na asijute.

Tarehe mosi Februari aliendesha gari mwenyewe mpaka Morne Cigale. Casilda alikuwa barazani anamenya mbaazi. Walisalimiana kwa salamu ya kanisani, ile ya watu wasiojuana. Eulalie akaketi kwenye ngazi, akachota mbaazi kutoka kwenye kapu, akaanza kumenya naye. Juu, kwenye ukingo, mashine za kutobolea mwamba zilikuwa zinanguruma, na vumbi lilikuwa linashuka mpaka kwenye kamba ya nguo. Wote wawili walilitazama, wakaendelea kumenya. Saa ikapita. Eulalie, ambaye Seneti hakugeuza shingo, sasa aligeukia barabara kila gari lilipolia.

Ndipo likaja gari jipya jeupe, likasimama mbele ya uzio. Akashuka msichana mwenye viatu vya kazi na kofia ngumu nyeupe mkononi. Aliamkia, akaeleza kwamba ni mkaguzi, kwamba kampuni imefunga lango la chini, na anaomba apite uani kwao apande juu.

"Kwa sheria ipi?" Casilda akamuuliza, bila kuacha kumenya.

Msichana akaitaja, jina lake na namba yake.

"Hiyo nimeshaisikia. Imeanza lini?"

"Leo, mama."

Mikono ya Casilda ikasimama. Akamwomba arudie, na msichana akarudia kwa subira: leo, imeandikwa humo ndani, kifungu cha pili. Casilda akaweka bakuli chini. Akashuka ngazi polepole, akapita karibu na mdogo wake bila kumtazama, akaenda mwenyewe kufungua lango dogo la nyuma, lile linalotokea njia ya mlimani.

Waliona kofia ile nyeupe ikipanda, ikipotea nyuma ya mikakao, ikitokea tena juu. Muda si mrefu mashine moja ikanyamaza. Ikafuata ya pili. Ya mwisho ilibishana kidogo, nayo ikazima, na bonde likawa kimya mpaka kuku wa jirani wakasikika wakichakura. Casilda alisimama katikati ya ua, mikono kiunoni, anasikiliza. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

Mkaguzi aliporudi alitoa daftari, akasema anahitaji jina la mwenye nyumba iliyo hatarini. Casilda akamtajia lake, herufi kwa herufi. Kisha akaelekeza kidevu kwenye ngazi.

"Na yule pale ni mdogo wangu," akasema. "Waliponiletea sheria mbovu, yeye ndiye aliyesema hapana."

Eulalie akainamia mbaazi zake. Casilda alimkaribisha msichana apumzike kwanza anywe maji, halafu akapaza sauti kuelekea ngazini, akamwambia Lali aache kuchanganya maganda na mbaazi kama mtu wa mjini, na kwamba asitie ufunguo kwenye gari, leo analala hapa.